H ya Hajambo

Haa.

Sauti yenyewe ni hiyo tu. Nikiivua miwani yangu na kuipumulia kabla ya kuifuta kwa ncha ya kanga, sauti hiyo hutoka bila kuitwa, ukungu mdogo hukaa juu ya kioo, na mimi sipo tena pale nilipoketi. Nipo kwenye kibaraza cha Shangazi Nakundwa, juu kule milimani upande wa Mbaga. Mguu wangu umelazwa juu ya kigoda kama gogo la mtu mwingine, na harufu ya tangawizi mbichi inatoka jikoni pamoja na moshi wa kuni zilizolowa.

Shangazi Nakundwa ni dada mkubwa wa baba yangu. Siku hizo alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi wa cherehani pale mkono wake ulipokatika, na sauti ya pili katika kwaya ya kanisani. Nilikaa naye tangu nilipoanza darasa la kwanza, kwa sababu baba na mama walikuwa na meza ya samaki sokoni Same mjini. Perege wao walitoka bwawa la Nyumba ya Mungu alfajiri, na anayewasubiri samaki alfajiri hawezi kumwandaa mtoto kwenda shule. Kwa hiyo wao walikuwa chini kwenye joto na vumbi, nami nilikuwa juu kwenye baridi na migomba.

Jina langu ni Herieth. Lakini H ya jina hilo ilibaki kwenye cheti cha ubatizo, haikuwahi kufika kwenye mdomo wa mtu wa familia. Nyumbani nilikuwa Eri. Sijui ya vijiji vingine, ila kijijini kwetu h tulikuwa tunaiacha njiani kama mzigo usio wa lazima. Tulisema abari, tukasema asubui, tukasema apa, na wote tulielewana.

Mwaka ule nilikuwa darasa la tatu. Masika yalikuwa yamelainisha njia zote, na siku moja nikiwa natoka chemchemi na ndoo kichwani, nikateleza kwenye mawe. Ndoo ilipona, mguu ukavunjika. Hospitalini Same wakanifunga hogo, ile plasta ngumu inayowasha ndani mahali ambapo kidole hakifiki. Mama akataka nibaki naye mjini, kwenye chumba chao cha kupanga.

"Wifi, humu chumbani atakaa na nani?" Shangazi akamuuliza. "Na ndoo za samaki? Nipe mwanangu nirudi naye. Kusoma atasoma kulekule nyumbani."

Shule ilikuwa ng'ambo ya bonde: unashuka hadi mtoni, unapanda mpaka magoti yanalalamika. Mtoto mwenye hogo haendi huko. Ndiyo maana kwa sehemu kubwa ya mwaka ule shule yangu ilikuwa kibaraza, na mwalimu wangu alikuwa mwanamke aliyefundisha huku akimenya ndizi.

Hesabu hazikutusumbua, maharage yalikuwepo ya kutosha. Kusoma nako nilisoma kila kilichoingia ndani ya nyumba: Biblia, maandishi ya mifuko ya unga, vipande vya gazeti vilivyofungia sukari. Tatizo lilikuwa kuandika. Sikujua kama ni tatizo mpaka mwalimu mkuu alipokuja kunijulia hali.

Alifika na mabuti ya mvua, akaketi, akanywa chai ya tangawizi, akanisomea imla fupi. Nikaandika kwa furaha kabisa. Alipolichukua daftari akalitazama, akalisogeza mbali, akalitazama tena.

"Herieth, hili daftari lina njaa?"

"Hapana, mwalimu." Bila shaka nilisema "apana".

"Mbona herufi zimeliwa? Amsini. Asa. Asubui. Uyu." Akamgeukia Shangazi, na sauti yake ikawa ya mtu anayeleta habari asiyoipenda. "Dada, kusoma anasoma vizuri. Lakini imla ya mwisho wa mwaka akiiandika hivi, siwezi kumpandisha darasa la nne. Atabaki la tatu."

Ninajua mtu mzima anaweza kulisikia hilo na kuendelea kunywa chai yake. Mimi nilisikia kwamba Nanzia, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja tangu siku ya kwanza, ataingia darasa jingine na kukaa na mtu mwingine, nami nitabaki na watoto wadogo, nikiwa mrefu kuliko wote, na mguu wangu mbovu. Mwalimu alipoondoka nililia mpaka nikapata kwikwi. Shangazi hakuninyamazisha. Aliosha kikombe cha mgeni, akakifunika juu ya kichanja, akasema neno moja tu: "Tutaona."

Nilitegemea kesho yake aje na fimbo ya kuelekezea na maneno ya kukariri. Alikuja na simu. Ilikuwa kitochi kidogo ambacho namba zake zilishafutika kwa kubonyezwa.

"Macho yangu hayavioni tena hivi vidude," akasema, akaiweka mapajani mwangu. "Hata na miwani. Kuanzia leo wewe ndiye karani wa nyumba hii. Meseji zote utaandika wewe."

Siwezi kueleza vizuri jinsi nilivyojisikia. Kwa wiki nzima nilikuwa mtu wa kubebwa, wa kupelekwa chooni, wa kusogezewa sahani. Sasa nilikuwa karani. Nikakaa wima.

Meseji ya kwanza ilikwenda kwa mama: *shikamoo mama. mimi sijambo. shangazi ajambo. tunaomba uje na samaki shangazi ana amu.* Nikaibonyeza ikaenda, nikasubiri sifa.

Jibu la mama lilikuja upesi. *Marahaba mwanangu. Jambo gani limempata shangazi?*

Nikamsomea Shangazi, nikiwa na hofu. "Amepata wapi kwamba una jambo?"

"Mimi sijui. Umemwandikia nini?"

"Kwamba ujambo!"

"Sawa. Sasa wewe ni mama yako. Uko sokoni, mikono ina magamba ya samaki, wateja wanakuita. Simu imelia. Soma. Usisome ulichotaka kusema, soma kilichoandikwa."

Nikasoma: ajambo. Halikuniambia kitu.

"Hajambo ni mtu ambaye hana jambo," akasema Shangazi, kisu kikiendelea na ndizi. "Hana la kumsumbua. Ukiiondoa h, nimebaki na jambo langu. Mama yako atauacha ugali leo akifikiri naumwa."

Nilicheka, lakini sikuelewa. Mtoto huweza kucheka bila kuelewa, na watu wakubwa hudhani kazi imekwisha. Shangazi hakudhani hivyo. Alingoja, na haikuchukua muda kabla baba mdogo Mbazi hajaja kutufundisha wote.

Baba mdogo Mbazi alikuwa mdogo wa Shangazi, na shamba lake la mboga lilikuwa chini ya ndiva, lile bwawa la kijiji ambalo maji ya mfereji hukusanywa ili kila mtu amwagilie kwa zamu. Mzee Kajiru ndiye aliyekuwa anashika mlango wa maji. Jioni moja ya kiangazi alipita nyumbani akasema mfereji umebomoka, kesho hatafungua, tuwaambie jirani. Shangazi akaniachia kazi yangu. Nikamwandikia baba mdogo: *mzee kajiru atafungua maji kesho asubui.*

Asubuhi yake ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mgomba wa karibu ulionekana kama mtu. Kutoka ndani ya ukungu huo akatokea baba mdogo, jembe begani, suruali imelowa umande mpaka magotini, meno yanagongana.

"We Eri! Maji yako wapi?"

"Shikamoo, baba mdogo. Maji yapi?"

"Maraba. Maji ya ndiva! Nimesimama pale tangu giza kama sanamu."

"Si nilikwambia Mzee Kajiru atafungua?"

"Ndiyo, umeniambia atafungua!"

"Basi. Atafungua. Mfereji umebomoka."

"Kama umebomoka atafunguaje?"

"Ndiyo nakwambia atafungua!"

"Mtoto uyu anataka kunitia wazimu. Atafungua au atafungua?"

"Atafungua!" nikapiga kelele, na kichwa changu kikitikisika kushoto na kulia kwa nguvu zote.

Ndani ya nyumba kitu kilianguka. Ilikuwa sufuria. Shangazi alitoka akiwa ameshika mbavu, machozi yanamtoka, akakaa kwenye kizingiti cha mlango, akashindwa kusema. Alicheka mpaka baba mdogo, aliyekuwa na hasira zake za haki kabisa, akaanza kucheka naye, kisha nikacheka na mimi, na mguu ukaniuma ndani ya hogo kwa kucheka.

Alipopata pumzi, Shangazi akasema, "Nyie mnaonaje hiyo? Mnakataa kwa kichwa, siyo kwa mdomo. Mbazi angekuona unavyotikisa kichwa angelala usingizi wake. Sasa meseji ina kichwa cha kutikisa?"

Hapo ndipo nilipoona. Nililiona kosa langu likiwa limesimama mbele yangu na jembe, limelowa, linatetemeka. Herufi moja niliyoiacha imemtoa mtu kitandani.

Shangazi akamletea ndugu yake kikombe cha uji, kisha akavua miwani. "Njoo na uso wako hapa." Akainua kioo mbele ya midomo yangu. "Sema a."

"A."

"Sema ha. Kutoka tumboni, kama unataka kuifuta."

"Haa."

Kioo kikawa cheupe.

"Umeuona huo ukungu? Huo ndio h. H ni pumzi, Herieth. Kwenye kwaya mwalimu wetu alituweka wiki nzima kwa sababu tulikuwa tunaimba Aleluya. Alituambia hakuna aliye hai anayeimba hivyo, ongezeni pumzi. Sasa sema: hatafungua."

"Hatafungua."

Akageukia upande wa pili. "Na wewe, Mbazi."

"Mimi nishamaliza shule," baba mdogo akasema kutoka ndani ya kikombe. Lakini alipoona tunamtazama akainama, akakipumulia kioo mpaka kikatiririka. "Haya. Atafungua."

"Rudia."

"Hhhatafungua! Umefuraika?"

Na Shangazi alikuwa ameniita Herieth. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mtu wa nyumbani akiniita hivyo, na nilijihisi kama nimevalishwa nguo mpya.

Basi tangu hapo ilikuwa sheria ya nyumba: hakuna meseji itakayotoka bila kupumuliwa. Niliandika, kisha nikainua kiganja mbele ya mdomo, nikasoma polepole, na kila pumzi iliponigusa kiganjani nikaangalia kama h yake ipo. Kwenye kitochi h ilikaa kitufe cha nne, kwa hiyo ilibidi kubonyeza mara mbili, na nilianza kukipenda kitufe kile. Shangazi akanipa kazi zaidi. Niandike kwa chaki kwenye mlango wa jikoni vitu vilivyokwisha. Niandike juu ya makopo: hiliki, maharage, mahindi ya mbegu. Nimwandikie Nanzia vikaratasi, ambavyo mdogo wake alivipeleka alipokuja kuchukua maziwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoitwa somo.

Msidhani nilinyooka palepale. Kwanza nilipinda upande wa pili. Nilipogundua raha ya h nikaimwaga kila mahali. Kwa muda fulani tulikula hugali, tukamenya hembe, tukasaga hunga. Mama akajibu kutoka sokoni: *Mwanangu leo umenipumulia mpaka nimesikia upepo.* Baba naye, ambaye kwa kawaida hakuandika meseji, akaandika: *Habari za huko hunakohishi?* Shangazi alipomsikia ndugu yake ananitania hivyo akacheka, kisha akasema taratibu, "H siyo chumvi ya kunyunyiza. Sikiliza kwanza neno linataka nini."

"Na nisiposikia?"

Hapo kisu kilisimama. Nakumbuka kilisimama, kwa sababu si mara nyingi kisu chake kilisimama.

"Usiposikia," akasema, "uliza sentensi. Inataka kusema nini? Anakwenda au haendi? Sentensi yenyewe itakuambia. Sikio linadanganyika. Hata langu."

Hogo likafunguliwa. Mguu uliotoka mle ulikuwa mwembamba na mweupe kama mche uliokulia chini ya pipa. Bado sikuweza kushuka na kupanda bonde, kwa hiyo siku ya imla baba mdogo Mbazi alinibeba mgongoni, akishuka kwa tahadhari, akisema njia nzima kwamba nikifeli atanidai alfajiri yake.

Darasa lilikuwa na harufu ileile ya chaki na sweta zilizolowa. Nanzia akanisogezea nafasi. Mwalimu mkuu mwenyewe alisimama mbele na karatasi, akaanza kusoma, nasi tukaandika. Niliinua kiganja mbele ya mdomo kila baada ya sentensi. Nyuma yangu wakaanza kucheka.

"Eri ananusa mkono!"

Sikujali sana. Nilikuwa na jambo kubwa zaidi. Mwalimu alikuwa amefika sentensi ya mwisho, na alikuwa amechoka, na mtu akichoka hurudi kwao. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa kulekule. Akasoma:

"Mama atakwenda sokoni kwa sababu anaumwa mguu."

Kalamu za wote zikakimbia. Yangu ikasimama. Niliinua kiganja, lakini kiganja kingenisaidia nini, pumzi ilikuwa ya mwalimu na yeye hakuitoa. Masikio yangu yalisikia a, wazi kabisa. Nanzia alishamaliza. Mwalimu alianza kutembea kati ya madawati akikusanya karatasi.

Nikaiuliza sentensi. Anakwenda au haendi?

Katika darasa lile hakuna aliyejua kuliko mimi mtu mwenye mguu unaouma huenda wapi. Haendi popote. Anakaa kibarazani. Nikaandika h kwa nguvu mpaka ncha ya penseli ikakatika, na ikabidi sentensi iliyobaki niimalize kwa kisiki cha risasi.

Mwalimu alisimama juu yangu muda mrefu. Alisoma chini, akaangalia karatasi yake, akasoma tena.

"Herieth. Hapa, kwenye hatakwenda. Nani alikuambia kuna h?"

Nikasimama kwa kushika dawati. "Mguu, mwalimu."

"Mguu?"

"Mguu unauma. Hawezi kwenda."

Kisha bega la mwalimu likaanza kutikisika. Akageuka kwa darasa, akainua karatasi yake. "Mimi nimesoma vipi sentensi ya mwisho?"

"Atakwendaaa!" wakaitikia.

"Basi na mimi nirudie la tatu," akasema. Akarudi mbele, akasoma tena, safari hii kwa pumzi iliyoweza kuzima mshumaa: "HHHatakwenda!" Darasa zima likaitikia hhha, hhha, na wale walionicheka wakaweka viganja mbele ya midomo yao.

Nilipanda darasa la nne pamoja na Nanzia. Mwalimu aliniambia palepale mlangoni, mbele ya baba mdogo, aliyenibeba kurudi nyumbani bila kulalamika hata mara moja. Shangazi alikuwa anatusubiri kibarazani. Hakusema hongera. Alinipa simu. "Mwandikie mama yako." Nikaandika kila kitu kwa pumzi zake, na mwisho kabisa, *Shangazi hajambo.* Mama hakuuliza jambo gani.

Sasa nikuambie wewe uliyenisikiliza mpaka hapa jambo ambalo sikuliona nikiwa mtoto, ingawa lilikuwa mbele yangu kila siku.

Mwanamke yule ambaye macho yake hayakuona vidude vya simu alikuwa anachagua wadudu kwenye maharage wakati jua limeshazama. Alitunga uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza, bila kulamba. Jumapili, katika kanisa lile lenye madirisha madogo, aliimba kutoka kwenye kitabu cha nyimbo ambacho maandishi yake ni madogo kama sisimizi. Haya yote niliyaona, nikayaweka mbalimbali, sikuwahi kuyaweka pamoja. Niliyaweka pamoja siku nilipopewa miwani yangu ya kwanza, mtu mzima tayari. Nilikuwa nimeipumulia kwenye ngazi za kliniki, nikasimama pale ukungu ukiwa kwenye kioo, watu wananipita.

Aliniona nimekaa na mguu wa mti, nimeambiwa nitabaki nyuma, sina kazi ila kuhudumiwa. Akanipa macho yake niyatunze. Mimi nilidhani namsaidia, na kwa kudhani hivyo nikapona kabla ya mguu.

Mwezi uliopita nilipanda kwenda kumwona. Barabara imeboreshwa kidogo, ukungu ni uleule. Nilimkuta kibarazani, miwani imefungwa uzi mweusi, mtoto wa jicho ameingia macho yote mawili. Nikamuuliza, nikijifanya natania, "Shangazi, mwaka ule wa hogo, ulikuwa huoni kweli?"

Akageuza uso upande wa sauti yangu. "Mwaka ule? Nilikuwa naona mpaka Kenya." Akacheka, akatafuta mkono wangu mpaka akaupata. "Sasa hivi ndiyo sioni. Haya, karani. Mwambie mama yako umefika."

Nikatoa simu. Mama yuko Same bado, ingawa meza ya samaki amewaachia wengine. Nikaandika kwamba nimefika salama, kwamba njia ilikuwa nzuri, kwamba miadi ya macho ni wiki ijayo na nitamshusha mwenyewe. Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kidole changu kikigusa kioo.

"Na mimi umeniandika vipi?"

"Shangazi hajambo."

"Pumua tusikie."

Nikaikaribia simu, nikapumua. Haa. Yeye hakuweza kuuona ukungu ukikaa juu ya kioo, lakini alinyoosha kidole, akaugusa, kikatoka na unyevu.

"Ipo," akasema. "Tuma."